Matembezi ya Mlo Katika Magofu ya Kutani

Hapo juzijuzi, wala si zamani wala si kale, palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali amekwenda kula. Nchi hiyo si yenu. Yenu naijua, ina viongozi waungwana. Hii ni nyingine kabisa, na mtu akisoma hapa akaona sura anayoifahamu, atulize moyo, macho nayo huchoka.

Katika nchi hiyo kuna kitongoji kinaitwa Kutani, nami ndiko niliko. Kimeitwa hivyo kwa ajili ya kuta za mawe za watu wa kale: nyumba nene zisizo na mapaa, msikiti uliobaki kibla tu, kisima kikavu, na lango refu ambalo mbuzi hulipita kwa adabu kuliko wakubwa. Ndani ya kuta hizo mna vidaka, vile vishimo vya mraba ambamo wenyewe walikuwa wakiweka taa na sahani zao nzuri. Wenyewe wamekufa, vidaka tukavirithi sisi.

Desturi yetu ni hii. Ukipika, upawa wa kwanza kutoka chunguni si wa baba wala wa mtoto, ni wa kidakani. Unautia bakulini, unafunika kwa kawa, unakwenda nao magofuni. Kabla hujakata kona unakohoa. Ukijibiwa kikohozi, unaliweka bakuli chini palepale na kugeuza mgongo, maana kuna mtu anakula, na si kazi yako kumjua. Mwenye njaa naye hutembea ukuta hadi ukuta. Langoni atakuta muhogo wa nazi, huo wangu mie. Kisimani mbaazi za jirani yangu Mwanakombo. Kiblani samaki wa kukaanga, siku bahari ikikubali. Akishiba huosha bakuli, hulifudikiza, huenda zake. Kesho mkikutana sokoni, wewe hujui na yeye hajui. Hiyo ndiyo sitara. Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu serikali ilielezwa kwa kifupi, ikaelewa vibaya.

Sasa lazima nimtaje Mzee Vuai, ingawa kumtaja ni kuvunja hiyo desturi yenyewe. Mzee huyu alikuwa na shamba la muhogo na mikorosho, limepakana na magofu. Masika iliyopita serikali ililichukua ili iweke Egesho la Mabasi ya Watalii. Mikorosho ikakatwa, muhogo ukang'olewa ungali mchanga, ardhi ikashindiliwa kokoto. Basi halijafika hata moja, wanaegesha mbuzi. Mzee Vuai hana mke wala mtoto. Alibaki na nyumba yake, na sifa ya kutoomba. Yule hajapata kumwomba mtu hata chumvi. Tangu masika hiyo tukawa tunasikia kikohozi kipya magofuni, kizito, cha kifuani. Sote tukakijua, na hakuna aliyekijua.

Mambo yalikuwa hivyo. Vidaka vikifungwa, Mzee Vuai atakufa kwa njaa. Vikiachwa wazi watu wakamwona, atakufa pia, ila upesi zaidi.

*

Yote yalianza na mgeni wa ng'ambo aliyepotea njia. Kaingia magofuni peke yake na mkoba mgongoni, kakuta muhogo wangu, kaula. Kasogea kisimani, kala mbaazi. Kafika kiblani, samaki kammaliza mpaka macho. Mabakuli hakuosha, lakini tulimsamehe, mwenye njaa ni mwenye njaa. Aliporudi kwao akaandika kwamba katika dunia nzima hajaona matembezi ya mlo mazuri kama ya Kutani: hakuna wa kukusumbua, unajiongoza mwenyewe, unatembea, unakula.

Maandishi hayo yakafika makao makuu, kwenye Wizara ya Urithi, Matembezi na Vitafunio, na makao makuu wakashtuka. Kumbe kuna kitu kizuri kinatokea nchini bila mpango!

Akaletwa Bwana Tindwa, Afisa Mpangaji wa Matembezi, kijana mwenye viatu vilivyochongoka mbele kama mdomo wa samaki chuchunge. Akatuita mkutano.

"Wananchi wa Kutani," alisema, "mmekuwa mkiendesha Matembezi ya Mlo ya Kujiongoza Mwenyewe bila idhini. Serikali haiwalaumu. Serikali inawapongeza, na inawaonya."

"Mwanangu," Mwanakombo akadakia, "sie hatuendeshi matembezi. Tunaweka chakula cha wenye njaa."

Tindwa akacheka kwa huruma. "Bibi, njaa katika nchi hii ilikwisha mwaka juzi. Ilitangazwa. Hukusikia redio?"

"Mie nilisikia. Tumbo ndilo halina redio."

Watu wakaangua kicheko. Tindwa akamtazama Mwanakombo kama mtu anayepima kitambaa. Mie, kwa kuwa sipendi ugomvi, nikanyoosha kidole kama shuleni.

"Baba, kama mtu anajiongoza mwenyewe, mpango wa nini tena?"

"Swali zuri, Bi Mosi. Mtu hawezi kujiongoza mpaka kwanza aongozwe namna ya kujiongoza."

Mie nimesoma mpaka darasa la nne tu, na darasa la nne hatukufika hapo.

*

Ikaja Kamati ya Kuonja. Ilikuja saa ya chakula cha mchana, na kwa bahati ikawa inakuja saa hiyohiyo kila siku. Magari yalikuwa meupe. Matumbo yalitangulia kushuka, kisha wenyewe.

Naomba mnivumilie nieleze walivyokula, kwa kuwa sijapata kuona na sitaki kuona tena. Mwenyekiti alikula muhogo wangu kwa mikono miwili, tui likimtiririka mpaka kwenye saa, akawa analamba saa. Alipomaliza akachomoa ukindu kwenye kawa langu, akachokonoa meno, akatema ukutani, akachomoa mwingine. Mwenzake alipangusa vidole kwenye chokaa ile ambayo watu wa kale waliisugua mpaka ikang'aa kama yai. Alama ya vidole vya samaki ipo pale hadi leo, na wameiwekea kibao kwamba ni mchoro wa kale. Wa tatu alijisaidia haja ndogo nyuma ya kibla, akarudi akifunga suruali na kusema, "Mandhari tulivu." Kisha, bila kunawa, akatia mkono kwenye mbaazi.

Nyuma ya Kamati ya Kuonja ikaja Kamati Ndogo ya Kurudia, maana onjo la kwanza laweza kukosea.

Siku moja, wako katikati ya kurudia, tukasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa kisima. Kizito, cha kifuani. Sisi wanawake tukaganda.

"Kuna mgonjwa huko?" Mwenyekiti akauliza, mdomo umejaa.

"Ni mbuzi," akasema Mwanakombo.

"Mbuzi wenu wanakohoa kama watu?"

"Na watu wetu wanaswagwa kama mbuzi, Mheshimiwa. Kula, muhogo unapoa."

Akala. Siku hiyo hakikubaki hata kipande, na bakuli alilikomba mwenyewe kwa kidole. Jioni nikamwona Mzee Vuai akipita njia ya sokoni, kichwa juu, kanzu safi, anasalimia watu mmoja mmoja. Alikuwa amejifunga kiunoni kamba ya usumba, na kamba yenyewe ilikuwa imemzunguka mara mbili.

Nikabadili wakati, nikawa napeleka muhogo alfajiri. Tindwa akaajiri mlinzi wa alfajiri, mtu mwenye hamu kubwa ya muhogo.

Huku nyuma mafundi wakachora mishale. Hawakuchora ubaoni, walichora juu ya mawe yenyewe, kwa rangi ya mafuta nyekundu, na kila mshale ukaelekea kwenye hema la Kamati. Wakaletwa pia vijana wenye fulana za kijani wanaoitwa Waongozaji wa Kujiongoza. Kazi yao ni kutembea mbele ya mtalii, wakimkumbusha kwamba yuko peke yake.

*

Zilipokaribia sherehe za ufunguzi, Bwana Tindwa akagundua kasoro.

"Magofu ni ya kale," alituambia, "na chakula chenu ni cha leo. Mtalii hawezi kutazama ukuta wa mababu huku anakula muhogo wa asubuhi hii. Huo ni udanganyifu. Chakula nacho kiwe cha kale."

Mwanakombo, kwa hasira, akaenda kwake akarudi na sufuria ya mchuzi wa juzi uliokwisha kutoa povu. Akamtilia puani. Tindwa akanusa, machozi yakamlengalenga.

"Hiki," akasema taratibu, "kina historia."

Basi amri ikatoka. Vyakula vyote vya ufunguzi viwekwe vidakani mapema, vifungiwe kwa nyavu za waya na makufuli, vipate ukale.

"Vitaoza, baba," nikamwambia.

"Kuoza, Bi Mosi, ni mtazamo wa mtu."

Nzi walipata taarifa kabla ya watalii. Mbaazi zikaota manyoya ya kijivu. Muhogo ukawa na ute wa kuvutika kama mlenda. Samaki wa kiblani alivimba, akapasuka, akaanza kutembea kwa miguu ya funza, na harufu yake ndiyo iliyokuwa mwongozaji wa pekee wa kweli katika matembezi yale. Ungeweza kufunga macho na bado ukafika. Kamati ilipopita kukagua ilifunga pua kwa leso na kuandika kwamba maandalizi yanaridhisha.

Na kikohozi kile tukawa tunakisikia kinazunguka, ukuta hadi ukuta, kufuli hadi kufuli, kila siku chembamba zaidi.

"Mpelekee mlangoni kwake, Bi Mosi," Mwanakombo akaniambia tukichambua mchele.

"Nikamwambie nini? Kwamba namjua?"

"Mwambie umepika kingi."

"Hao wa 'nimepika kingi' anawafahamu. Mwanamume yule ukimpelekea sahani mlangoni ataipokea, atakushukuru kwa heshima zote, atafunga mlango, na hutamwona tena mpaka siku ya kumzika."

Mwanakombo akasonya, akatupa chuya kwa kuku. "Laana ya Mungu iwashukie wenye matumbo," akasema. Nami, niliyelelewa kutolaani mtu, nikaitikia.

*

Siku ya ufunguzi makufuli yaliondolewa asubuhi, chakula cha kale kikahamishiwa hemani, ingawa Waziri alialikwa adhuhuri. Katika nchi ile, kiongozi akialikwa adhuhuri hufika magharibi, kwa hiyo nikaona nafasi ipo. Nikapenyeza bakuli la muhogo wa moto kidakani pa langoni, nikakohoa, nikajibiwa, nikageuka. Moyo wangu ukapoa kidogo.

Lo! Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, kiongozi aliwahi.

Mheshimiwa Kisokoto, Waziri wa Urithi, Matembezi na Vitafunio, alikuja kujiongoza mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na pikipiki, tarumbeta, na vijana wa fulana za kijani. Kando yake mtu wa mwavuli, na mtu wa kumwonyesha pa kuweka mguu. Nyuma yake wapiga picha, Kamati ya Kuonja, Kamati Ndogo ya Kurudia, na askari. Sisi wananchi tulipangwa mwisho, tukiwa ndio wenyeji.

Msafara ulipofika langoni, kikohozi kikatoka ndani.

Watu wote wa Kutani tukasimama. Wote, wazee kwa watoto, tukageuza migongo. Hakuna aliyetuamuru, miguu yenyewe inajua. Waziri akadhani ni heshima za kienyeji, akaipungia mkono migongo yetu. Kisha akakata kona.

Askari wakatugeuza kwa nguvu ili tupige makofi. Ndipo nikaona. Mzee Vuai amechutama chini ya kidaka, kipande cha muhogo mkononi, kanzu yake nyeupe, na taa za wapiga picha zinamwangukia usoni kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

"Huyu nani?" Waziri akauliza.

Tindwa akajipenyeza mbele. "Mheshimiwa, huyu ni... ni mtalii wa ndani. Wa kwanza kabisa."

"Ametoka wapi?"

"Jirani, Mheshimiwa. Pale kwenye Egesho."

"Anajiongoza?"

"Anajiongoza vizuri mno, Mheshimiwa."

Waziri akafurahi, akatugeukia. "Ndugu wananchi! Mtazameni mzee huyu. Amezaliwa kando ya urithi huu, amezeeka kando yake, na hakuwahi kuutalii, kwa sababu hapakuwa na mishale! Leo serikali yenu imemletea mishale. Imemletea muhogo. Nani aliwahi kumpa mzee huyu muhogo?"

Mwanakombo akafungua kinywa, nikamfinya. Siyo kwa woga. Kusema kungekuwa kumwongezea mzee watazamaji.

Waziri akamnyang'anya Mzee Vuai kile kipande, kwa upole wa mbele ya kamera, akakikata. "Fungua mdomo, baba. Serikali inakulisha."

Mzee Vuai hakufungua. Askari mmoja akasogea hatua. Mzee akafungua.

"Mheshimiwa, samahani," akasema mpiga picha, "rudia. Jua lilinipiga machoni."

Akarudia. Halafu wa gazeti naye hakupata. Halafu wa televisheni akataka Waziri atabasamu zaidi na mzee apunguze kuinama. Muhogo ule niliupika mie, kwa nazi niliyoikuna mie, na niliuona ukisukumwa kinywani mwake kwa vidole vyenye pete, tonge juu ya tonge, mpaka shavu likavimba upande mmoja. Hakutafuna, wala hakutema. Alitazama mbele, pasipokuwa na mtu.

"Makofi!" Tindwa akaamrisha.

Tukapiga. Mikono yangu niliiosha kwa majivu baadaye, na bado naiona.

*

Kisha wakubwa walikwenda mezani, kwenye hema, wakakila kile chakula cha kale. Waziri alionja samaki, akasema ana utu uzima. Kamati ikaonja, Kamati Ndogo ikarudia. Sifa zilikuwa nyingi: ladha yenye mizizi, harufu yenye mamlaka, mbaazi zenye ndevu za hekima.

Kisha Waziri akasimama kuhutubia. Hotuba ilikuwa na sehemu nyingi. Katikati ya sehemu ya kwanza, tumbo lake likaomba nafasi ya kuzungumza, likapewa bila kusubiri. Nalo la Mwenyekiti likaunga mkono hoja. Nisieleze sana, maana wengine mnasoma mkiwa mezani. Nitasema tu kwamba wakubwa walitawanyika magofuni, suruali mikononi, kila mmoja akitafuta ukuta wake, na kwa mara ya kwanza siku ile wakajiongoza wenyewe.

Jioni redio ilisema kwamba viongozi waliguswa mno na urithi, hata wakashindwa kujizuia. Waliokuja na ndoo na fagio asubuhi yake ni sisi. Tulisugua kibla cha watu wa kale kwa mchanga na ndimu, leso puani, tukitapika kwa zamu.

Lakini picha haikusuguliwa. Waliikuza ikawa kubwa kuliko nyumba, wakaisimamisha kwenye Egesho, juu ya nguzo mbili, palepale mikorosho ilipokuwa. Mzee Vuai, shavu limevimba, na vidole vya Waziri mdomoni mwake. Chini wameandika: KARIBU KUTANI, JIONGOZE, JISHIBISHE.

Dirisha la Mzee Vuai linatazama huko huko. Akalifunga. Akafunga na mlango.

Vidaka vikarudi kuwa vyetu, Wizara imehamia kwenye magofu mengine. Tukaweka chakula kizuri kama zamani, kikalala, asubuhi tukamwagia kuku.

*

Basi nikafikiri. Mtu mzima hafikiri upesi, lakini hufika. Asubuhi moja nikachukua muhogo mbichi, nazi moja, mbuzi ya kukunia, na chungu kitupu, nikaenda mlangoni kwa Mzee Vuai.

"Hodi!"

Nikagonga kwa kidole.

"Hodi, Mzee Vuai. Ni mie, Bi Mosi."

"Sina haja ya kitu, Bi Mosi." Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Hilo najua. Mwenye haja ni mie."

Kuku wake mmoja akaja kunitazama miguu.

"Kuni zangu zimelowa zote," nikasema. Hali ya kuni zangu Mungu ndiye aijuaye. "Naranda na muhogo mbichi kichwani tangu asubuhi, natafuta mwenye moto. Mwanakombo amenuna. Nikirudi kwangu hivi nitalala na njaa, mzee mwenzangu. Kama una hata kijinga kimoja cha moto, nisaidie."

Nilisimama muda mrefu. Nikaweka chungu chini, nikakiinua, nikakiweka tena. Mwishowe komeo likalia.

Alikuwa amekwisha. Shingo ilikuwa ya mtoto, macho ya mtu aliyetoka safari. Lakini kanzu ilikuwa imefuliwa.

"Kuni ninazo," akasema. "Za mikorosho yangu. Walipoikata waliniachia matawi."

"Basi wewe tajiri. Nipokee chungu."

Mlango tuliuacha wazi, maana uzee nao una majirani. Moto aliukoka mwenyewe. Nilipoinama kupuliza akanizuia, akasema moto wa nyumba yake anaujua yeye. Mie nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nikakamua tui, nikasimulia habari za ng'ombe wa Mwanakombo aliyekula kanga ya mkwe wake. Nje likapita gari moja la Wizara lililobaki nyuma, na kipaza sauti, linawatangazia watalii wasiokuwepo kwamba wawe huru kujiongoza. Hatukugeuka. Muhogo ukachemka, ukaiva, tui likatulia juu, likanukia nyumba nzima.

Nikaepua, nikatandika kata ya kanga kichwani, nikashika chungu kama mtu anayeondoka.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kwangu, mzee. Nimekuchosha vya kutosha. Ahsante ya moto."

"Bi Mosi!" Sauti yake ikapanda, ile ya zamani, ya mwenye shamba. "Mtu hapiki kwenye jiko langu akatoka na njaa. Mimi sikulelewa hivyo. Kaa kitako."

Nikakaa. Akaleta sahani yake, akaisuuza, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaiweka kati yetu. Akanipakulia vipande vikubwa, vile vya katikati ya chungu. Mie nilikuwa nimekula kwangu asubuhi ile mpaka nimevimbiwa. Nikainamisha uso kama mgeni mwenye haya.

"Kula, mama," akaniambia taratibu. "Usione haya. Hapa hakuna anayekutazama."

Nikatia tonge kinywani. Na kwa kuwa mwenyeji hamwachi mgeni wake ale peke yake, Mzee Vuai akavuta kata ya maji, akanawa.